Mikopo Iliyopaliliwa

Nisikilize pole pole, wewe usiyependa hesabu. Nikikupoteza mahali, rudi aya moja nyuma. Kosa litakuwa langu, si lako. Nataka kukueleza jinsi kiwango kipya cha uhasibu kilivyonilipia kisasi katika benki ndogo mjini Machakos.

Nilikuwa mhasibu wa tawi. Meneja wetu alisomea uhasibu kama mimi, tena akafaulu vizuri. Wateja wengi walikuwa wakulima wa ndengu wa upande wa Masii, waliokopa kabla ya mvua na kulipa baada ya mavuno. Mvua ikikatika mapema, meneja hakungoja mkopo uonekane umechelewa. Alimwita mkulima, akampa mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani, na kumkata ada juu yake. Kazi hiyo aliiita kupalilia. Vitabu vyetu vikawa safi kuliko vya tawi lolote, naye akawa anapigiwa makofi kila mkutano.

Kanuni za zamani zilingoja ushahidi kwamba mkopo umeharibika ndipo hasara iandikwe, na kwetu ushahidi ulikuwa siku za kuchelewa. Jumatatu moja, baada ya maombi ya asubuhi ya wafanyakazi, nilipendekeza tutenge sehemu ya faida kwa ajili ya mikopo ambayo sote tulijua haitarudi. Meneja alinitazama kwa huruma ya uongo.

“Madam, mgonjwa bado anakunywa uji, na wewe uko na jembe unachimba kaburi. Tukuletee na jeneza?”

Walicheka hadi wakashika meza. Tangu siku hiyo nikaitwa Mama Matanga, hata na walinzi wa mlangoni. Kwenye tathmini yangu aliandika kwamba navunja wenzangu moyo, na cheo nilichokuwa nikikingojea kikaenda kwa mwingine. Sikusahau. Nilisalimia vizuri kila asubuhi, na sikusahau.

Ndipo kiwango kipya kikaja. Kinasema hivi, na si kigumu: siku unayompa mtu mkopo, jiulize ni kiasi gani huenda kisirudi katika mwaka mmoja ujao, ukitenge tayari, hata kama bado analipa vizuri. Hatari ikiongezeka sana, unatenga kwa hasara inayotarajiwa hadi mkopo uishe. Yaani chimba mapema. Makao makuu waliongeza agizo: kila mkopo uliotolewa kulipia mwingine uwekewe alama, uhesabiwe kuwa wa hatari. Wakanichagua mimi nifundishe tawi letu, kwa kuwa huwa sichoki kueleza.

Wakati huo meneja alikuwa amependekezwa kuwa mkuu wa mikopo, Nairobi. Walichongoja ni hesabu za kwanza za kiwango kipya tu. Zikitoka vizuri, anakwenda. Nilitaka asiende.

Siku ya mafunzo alikaa mbele, lakini simu za pongezi zilikuwa zimeanza. Nilipofika kwenye mikopo iliyopaliliwa, alikuwa nje kwenye veranda, anacheka na mtu. Ningeweza kumngoja. Niliendelea, nikaeleza yote, kwa mifano miwili, mbele ya wafanyakazi wote.

Baadaye alinijia akiniita mwaitu, kama anayemwita mama yake. Heshima hiyo hakuwahi kunipa.

“Mwaitu, hii kitu inaangalia siku za kuchelewa, si ndio?”

“Siku za kuchelewa zinaangaliwa,” nikamjibu. Ilikuwa kweli.

“Basi wiki hii tunapalilia shamba lote.”

Akapalilia. Alifufua kila mkopo uliokuwa unayumba, hata ile mikopo ambayo angeiacha ingejilipa yenyewe baada ya msimu mmoja mzuri. Ili wakulima waje haraka, akawasamehe ada, na hilo lilinifurahisha maradufu. Mimi niliingiza kila mkopo mpya na alama yake, kwa ukweli mtupu.

Hesabu zilipotoka, tawi letu ndilo lililotakiwa kutenga pesa nyingi kuliko matawi yote. Na hapa ndipo utamu wenyewe ulipo, kwa hiyo soma taratibu. Siku benki inapoingia kwenye kiwango hiki, pengo kati ya kilichotengwa zamani na kinachotakiwa sasa halikatwi kwenye faida ya mwaka huo. Linakatwa kwenye faida zilizolimbikizwa miaka ya nyuma. Kiwango kilirudi nyuma kikala faida zile zile alizopigiwa makofi. Kazi ya Nairobi ilipewa mtu mwingine.

Alikuja mezani kwangu, akasimama.

“Ulijua.”

“Nilifundisha, boss. Ulikuwa nje.”

“Si ungeniambia kando?”

“Kando hukunitukana. Ulinitukana mbele ya watu, na mbele ya watu nikafundisha.”

 Mwenzangu wa kanisani ameniambia nimsamehe. Nimemwambia bado nafurahia.

Kupalilia hakukuishia kwetu, na pesa zinazochezewa ni za wenye akaunti kama wewe. Kwa hiyo benki yako ikibandika hesabu zake, usianze na faida. Weka kidole kwenye mstari wa pesa zilizotengwa kwa hasara ya mikopo, uulinganishe na wa mwaka uliopita, na kama umebadilika sana, nenda dirishani uulize kwa nini.