Shada la Bisi

Mpishi wa nyumba yetu ya Loresho ana vidole vinene kama mihogo, lakini sindano humtii. Kila Krismasi hukaa kwenye ngazi ya jikoni, akalamba ncha ya uzi, akatunga bisi na njugu moja moja, kisha akazungusha kwenye waya liwe shada la mlango wa memsabu. Bisi ikivunjika hakasiriki. Huila, huku akiimba pambio kwa sauti ya puani. Mimi, dobi wa nyumba hiyohiyo, nimenyoosha kola za bwana kwa pasi ya makaa miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewahi kusimama kunitazama.

Mwaka huu mke wangu Peres alikuja kutoka Maseno kunitembelea, akasimama kumtazama yeye. Akamshikia mwisho wa uzi, akacheka. Asubuhi ya Krismasi nikakuta shada dogo la bisi mlangoni mwa chumba chetu cha watumishi.

"Litoe," nikamwambia. "Kwetu shada huwekwa kaburini."

Peres akalinyoosha likae sawa. "Usijali, Baba Ajwang. Siku yako ikifika, nitamwomba akutengenezee kubwa."