Nilimkataza Mjukuu Wangu Kufuta Jina la Marehemu Baba Yake Kazini

Admin, ficha jina langu, lakini maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni nyanya wa miaka sabini na moja, mjane, naishi upande wa Chwele. Shule niliachia darasa la nne. Wale wa kucheka, chekeni sasa mmalize.

Mwanangu wa kwanza alikuwa fundi wa kompyuta katika chama cha wafugaji, ofisi kuu Kitale, tawi Bungoma. Alikufa miaka mitatu imepita. Binti yake, nitamwita Nekesa ingawa si jina lake, ndiye alichukua hiyo kazi. Nilimlea mimi mwenyewe, na huniita Kukhu, yaani nyanya.

Mwezi wa nne alikuja nyumbani na kompyuta yake. Nikamuuliza anabonyeza nini hata ugali unapoa. Akasema zamani kila seva, ile mashine inaweka habari za ofisi, ilikuwa na majina yake ya watu wa kuruhusiwa. Sasa anayakusanya yote kwa orodha moja huko Kitale. Mtu akitaka kuingia seva ya Bungoma akiwa mbali, seva inauliza orodha kwanza: huyu tunamjua? Jina lake likiwa kwa orodha, inamfungulia.

"Na leo, Kukhu, nafuta jina la baba."

Nilisimama. "Wewe! Jina la mwanangu halijapata mtoto wa kulibeba, na wewe unataka kulipangusa kama chaki?"

"Kukhu, ni akaunti tu. Mtu akitoka kazini inafungwa."

"Kwani yeye alitoka? Alitolewa na Mungu! Liache hapo."

Kwetu jina la marehemu halitupwi, linangoja mtoto. Nekesa akaliacha kwa orodha na ruhusa zake zote. Mimi nikala nikashiba, ati nimeshinda.

Wiki mbili zilizopita kuna mtu aliingia seva ya Bungoma kutoka mbali, kwa jina la mwanangu na paswadi yake ya zamani. Akafuta rekodi zote za ng'ombe wa wafugaji, chanjo na uzazi, hata nakala za akiba. Mkubwa wa Nekesa akamuuliza mbele ya watu, "Baba yako amefufuka, ama ni wewe ulimsaidia?" Wamemsimamisha. Wanasema ni yeye, ati anaficha wizi, kwani nani mwingine alijua jina la marehemu bado liko?

Nikafunga kitambaa, nikamwambia twende Kitale niseme ni mimi nilimkataza. Akalia.

"Kukhu, nimewaambia nilisahau. Kusahau ni uzembe. Ukisema ulinikataza, basi nilijua na nikaacha kusudi. Utanimaliza."

"Na nikinyamaza?"

"Wataendelea kuniita mwizi."

Tangu siku hiyo hanipigii. Mimi sijawahi kuomba mtu msamaha, hata mume wangu alikufa akingoja. Jana nilipiga simu nikasema, "Nisamehe, mama." Akajibu, "Sawa, Kukhu," akakata. Na sokoni watu wanamtaja mwanangu wakicheka, ati yule marehemu anaiba akiwa kaburini. Nani sasa atampa mtoto wake hilo jina?

Ijumaa Nekesa anaitwa mbele ya kamati. Msiniambie niombe, kuomba naomba kila siku na hakuna kitu nimeona. Nyinyi mmefanya kazi za ofisi, mnazijua hizo kamati. Niende niseme ukweli nimzike nao, ama nikae hapa kimya mjukuu wangu aitwe mwizi kwa kiburi changu? Nishaurini, lakini haraka.