Wanaokimbia Wasimame Wapi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika sekondari moja ya Magamba, mkuu wa shule alinikabidhi boksi la chaki na kipindi cha dini, ambacho walimu wengine walikikwepa. "Wafundishe tu, Mwalimu, ili mradi wakae kimya," aliniambia. Niliumia, nikajiapiza kuonyesha kwamba dini nayo ni kazi.

Nyie mnaoanza ualimu leo mna simu za kutafutia kila kitu. Sisi tuliandika kwa mkono azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula mzima, kisha andalio la kila somo, na mkuu asiposaini huingii darasani. Mada niliyoipenda ilikuwa vita. Kanisa linafundisha kwamba taifa linaweza kujilinda kwa silaha kwa masharti manne tu: uovu wa mshambuliaji uwe mkubwa na wa kudumu, njia nyingine zote ziwe zimeshindikana, pawe na tumaini la kweli la kufanikiwa, na silaha zisilete maafa makubwa kuliko yale yanayozuiwa. Niligawa darasa pande mbili, wavamizi na wanaojilinda, wakabishana. Pale Magamba somo lilinoga, nami nikavimba kichwa.

Nilipohamishiwa Katumba sikubadilisha hata mstari. Nilijua wazee wa pale walikuja wakikimbia mauaji Burundi, ila nilijiambia kwamba watoto wamezaliwa hapa, hayo hayawahusu. Hilo ndilo kosa kubwa la kazi yangu.

Siku hiyo mkaguzi wa shule alikaa dawati la nyuma na daftari lake. Nikawaambia wanafunzi wagawane. Hakuinuka mtu, isipokuwa binti mmoja, Konsolata, aliyekwenda kusimama katikati.

"Mwalimu, wanaokimbia wasimame wapi?" aliuliza. "Bibi yangu alikuwa na watoto wawili, na nguvu za kubeba mmoja. Aliyebebwa ni mama yangu. Kwa masharti hayo, bibi ana dhambi?"

Nilimtazama mkaguzi, nikajua kitakachofuata, nikasema, "Bibi yako hana dhambi." Somo likaishia hapo. Mkaguzi aliandika kwamba mwalimu ametoka nje ya mada, na kupanda kwangu daraja kukachelewa.

Jumamosi Konsolata alikuja kuniambia bibi ananiita. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nilimwamkia, akaniketisha, na Konsolata akakaa kumsaidia kupukuchua. Kisha bibi akasema miaka yote ameungama mengine, lakini lile hajawahi kulitamka kwa padri, kwa kuogopa jibu.

Nikamweleza kwamba mimi ni mwalimu tu, sina mamlaka ya kuondoa dhambi.

"Najua, mwanangu. Padri nitamwendea. Wewe sema tu vile ulivyosema mbele ya watoto."

Nikasema. Akaniomba nirudie, nikarudia. Ndipo akataja jina la mtoto aliyebaki njiani: Evaristi. Konsolata aliacha kupukuchua, maana hakuwahi kulisikia jina hilo nyumbani kwao.

Sasa nimestaafu, naishi Mpanda mjini. Sijutii daraja lililochelewa. Ninachojutia ni ile miaka niliyofundisha vita kama mchezo wa pande mbili. Darasa sikuligawa tena. Wiki yangu ya mwisho kazini nilipeleka andalio la vita kwa mkuu wa shule, kijana wa umri wa kuwa mwanangu. Juu ya masharti manne nilikuwa nimeandika, kama kila mwaka, Evaristi. Akauliza ni mwandishi wa kitabu gani.

Nikamwambia ni mtoto. Akasaini.