Siku Niliyoitwa Lubumbashi

Sisi tuliokulia Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi, enzi za benchi moja wanafunzi watatu, jiografia hatukuisoma tu, tuliicheza. Mwalimu wetu wa mwaka wa tano, Madame Colette, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alichora ramani ya dunia kwa mkaa kwenye sementi ya uwanja wa shule, akamgawia kila mtoto mahali pake na balaa lake. Mbayo alikuwa Japani: filimbi ikilia, ardhi imetetemeka, mbio chini ya benchi. Régine alikuwa Ufilipino, akikumbatia nguzo kwa ajili ya tufani. Aliyekuwa Bangladeshi alipanda kiti, maji yamefika. Justin alipewa volkano ya Goma, akaringa nayo wiki nzima. Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nikapewa Lubumbashi, nikanuna.

"Madame, kwetu hakuna kintu," nilisema.

"Na radi?"

"Radi? Radi ni bantu banatumaka!"

Darasa zima likaitikia, maana kila mmoja wetu alijua tangu kunyonya kwamba radi hutumwa na mtu mwenye kinyongo. Nyumbani mvua ikianza kunguruma, mama alifunika kioo kwa kitenge, akatuvua nguo nyekundu, na baba, mtu wa reli asiyeogopa treni, alikaa akiwaza amemkosea nani. Madame Colette hakutucheka. Aliniambia tu, "Basi weye njo Lubumbashi. Angalia mawingu, utaniambia." Nikaangalia, msimu mzima wa mvua, na daftari mkononi. Wingu jeusi lilitoka upande wa Kinsevere, likapanda, likawaka lenyewe ndani kwa ndani, na ngurumo ikaja nyuma. Bukari, ugali wetu, ilipoa mezani nikiwa mlangoni nahesabu.

Jirani yetu alikuwa Mama Feza, mjane aliyeuza vitumbua na kulima sombe, yaani kisamvu, nyuma ya nyumba. Siku moja mbuzi wa Papa Dodo, wa kiwanja cha pili, waliimaliza ile sombe. Mama Feza alipaza sauti barabarani, "Mungu anaona!" Kesho yake, tumetoka tu shuleni, radi ikapasua mti wa avoka wa Papa Dodo na kuwaua mbuzi wote watatu waliojikinga chini yake.

Mvua haijaisha, watu wamejaa mlangoni kwa mama yule. Papa Dodo alikuwa analia kweli. "Njo yeye alituma! Atoke leo, asilale hapa!" Walishaanza kutoa vyombo vyake nje. Niliona masufuria yakijaa maji ya mvua, na aliyeshika godoro lake alikuwa baba yangu. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Ndipo Madame Colette alipofika, viatu mkononi, chaki bado kwenye vidole. Hakubishana na mtu. Alituona sisi watoto ukutani, akapuliza filimbi.

"Japani! Nani alitumaka tetemeko kwenu?"

Mbayo, mwenye mazoea, alikuwa keshachuchumaa matopeni. "Hakuna muntu, Madame. Ni udongo ya chini inasukumana."

"Ufilipino?"

"Ni upepo ya bahari, Madame."

"Goma?"

"Ni moto ya ndani ya mulima."

Watu wengine walianza kucheka kidogo. Kisha akanigeukia. "Lubumbashi?"

Baba aliniangalia juu ya lile godoro. Mtoto kumpinga baba yake mbele ya watu, enzi zetu, ulijua fimbo inakungoja.

"Ni mawingu, Madame," nikasema. "Niliyaona. Yanafanyaka moto yenyewe. Hakuna muntu."

Halafu baba akageuka na godoro, akalirudisha ndani. Akatoka, akaokota sufuria, akamwaga maji, akalirudisha nalo. Sikuchapwa. Usiku ule alisema neno moja tu, "Mutoto anasoma," na mama akaniongezea ndagala, dagaa wetu, sahanini. Mama Feza aliishi pale mpaka uzee ulipomchukua, na kila nilipopita alinipa kitumbua akisema, "Kamata, Lubumbashi."

Nampenda yule mwalimu mpaka leo. Watoto wa siku hizi wana dunia nzima kiganjani; watakuambia kama mvua inanyesha Tokyo, huku nguo zao zinalowa kwenye kamba nje. Juzi radi ilipiga nyumba huko Golf, mtaa wa matajiri wenye mavilla na paratoneri, vyuma vya kukinga radi, na mjukuu wangu akanionyesha picha kwenye simu. Chini yake mamia ya watu waliosoma kunishinda walikuwa wanaulizana: nani alituma?

Nilisubiri filimbi. Haikulia. Basi nikamwomba mjukuu simu, nikaandika polepole kwa kidole kimoja: "Hakuna muntu. Ni mawingu. Niliyaona." Akaniuliza aweke jina gani.

"Andika Lubumbashi," nikamwambia.