Ukuta Usiotaka Saruji

"Siweki." Ndilo neno nililomwambia msimamizi asubuhi ile, na hakuwa amelizoea. Kazini kwetu fundi husema "sawa, sir". Anayekataa huwa ameshafungasha begi.

Tulikuwa tunakarabati nyumba tano kongwe karibu na hori la Dubai, ule mkono wa bahari unaoingia mjini. Ziko safu moja, kila moja imeegemea mwenzake, ukuta mmoja unabeba mapaa mawili. Zimejengwa kwa matumbawe na chokaa kama zetu za Unguja, ndiyo maana nilichukuliwa. Sheria inazilinda. Huruhusiwi kubadili mlango, dirisha, wala kile kinachoshika jiwe na jiwe. Lakini mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi, na chokaa haina haraka.

"Piga saruji, juu paka chokaa," msimamizi akasema. "Nani ataona? Yalla, tumalize, khalas."

Wenzangu walikuwa wameshafanya hivyo katika nyumba nne. Mimi nilikuwa kwenye ya tano. Mkenya mmoja, tuliyekaa naye chumba kimoja Rashidiya, akanivuta pembeni.

"Buda, wacha ubishi. Kwani ni nyumba ya mamako?"

Hakujua amegusa wapi. Nyumba ya mama yangu niliiua kwa mikono yangu. Nilikuwa fundi kijana mwenye kiherehere. Nikabandua chokaa yote ya chumba chake, nikapiga lipu ya saruji, nyororo, nikaita majirani waje waone. Saruji ikaufungia unyevu ndani. Masika ya tatu chumvi ilikuwa imeshakula mawe, na ukuta ukaja chini mchana kweupe, mama yuko uani anachagua mchele. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma. Alihamia kwa dada yangu, na mpaka leo hana mlango wake mwenyewe. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi janga langu nilimlisha mama.

Kwa hiyo sikuweka.

Alhamisi mkaguzi akafika, mama mmoja wa hapahapa Dubai, mpole wa sauti. Akapita nyumba nne akiitikia kwa kichwa. Alipofika kwangu akakuta ukuta haujaisha, umefunikwa magunia yaliyoloweshwa.

"Huyu ndiye mvivu wetu," msimamizi akamwambia.

Ningenyamaza ningebaki na kazi yangu. Nilijua hivyo, na mdomo ukafunguka hata hivyo.

"Madam, hizo nne zina saruji ndani. Bandua kidogo tu, uone."

Wakabandua. Chini ya chokaa ikatoka saruji ya kijivu. Yule mama hakupandisha sauti. Aliamuru nyumba zote nne zibanduliwe, kazi ianze upya.

Nilitukanwa kwa lugha tatu. Mkenya hakunisemesha wiki nzima, na sikumlaumu, maana mikono ya kubandua ilikuwa yake. Mimi nikapelekwa Jebel Ali, ghalani, kupakia vigae. Msimamizi akaniambia niombe msamaha anirudishe. Nikamjibu kwamba sina kosa la kuombea msamaha, na vigae najua kuvibeba.

Mwezi ukapita, simu ikalia. Mkenya.

"Buda, hii chokaa yako inapasuka kila nikipaka. Nafanyaje?"

"Unapaka nene. Na mawe hujayalowesha."

"Mawe nayo yaloweshwe?"

"Yanywe maji mpaka yashibe. Halafu paka nyembamba, ufunike, ungoje. Usiikimbize."

Akashusha sauti. "Bosi ndiye amenituma. Lakini amesema nisikwambie ni yeye."

Nilicheka hadi wabeba vigae wenzangu wakageuka. Kisha nikamweleza yote, tangu kuizima chokaa kwa maji mpaka kuisugua, sikumficha hata moja. Ufundi si wangu peke yangu, na zile nyumba hazina kosa.

"Sasa mwambie aliyekutuma," nikasema, "Ijumaa nakuja mwenyewe. Nikikuta hata kiganja kimoja cha saruji naubandua ukuta mbele yake, anirudishe kwetu siku hiyo hiyo."