Kiatu cha Ukutani

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, kwetu Stechford, mtaa wa Birmingham, Uingereza, mama alikuwa mjamzito na nyumba nzima ilikuwa roho juu, maana mimba mbili za kabla zilikuwa zimeharibika. Bibi mzaa mama alikuja kutoka Unguja kumwangalia, kama desturi yetu.

Baba ni seremala. Siku zile alikuwa akikarabati nyumba kongwe kijijini, nje ya mji, zile za nguzo nyeusi na kuta nyeupe, orofa yake imeinamia njia. Jumamosi moja alinichukua mimi na Bibi kuiona. Bibi alichungulia pale ukuta ulipobanduliwa, akaangua kicheko.

“Ebo! Kumbe na Wazungu hujenga kwa fito na udongo!”

Kweli bwana. Miti ya mwaloni ilishikana kwa vigingi, bila msumari, na katikati yake fito zilizosukwa zikakandikwa udongo na majani makavu. Baba alinionyesha alama ndogo kwenye viungo, mafundi wa zamani walizichonga ili kila mti umjue mwenzake.

Alipokuwa akitoa udongo mbovu kando ya meko, akavuta kiatu. Cha ngozi, cha mtoto anayeanza kutembea, kikavu kama samaki wa ng'onda. Mwenye nyumba, bibi wa Kiingereza mpole, akatwambia watu wa kale walificha viatu ukutani kuzuia mashetani. Baba akamwomba ruhusa akichukue, akamwonyeshe mama nyumbani.

Bibi akaruka. “Toba! Hilo ni kago, kinga ya nyumba. Mtu katoa kiatu cha mwanawe kulinda wanawe, wewe unampelekea mwenye mimba? Kirudishe!”

“Mama, hapa Birmingham,” Baba akacheka, akakitia mfukoni.

Alasiri ile ile mama akashikwa na uchungu, miezi haijatimia. Akalazwa. Mimi nililia mpaka sauti ikakauka.

Asubuhi Baba akanipakia garini, tukarudi kijijini. Akakanda udongo kwa mikono mitupu, akakirudisha kiatu mahali pake, akakandika. Mwenye nyumba alimshikia ndoo. Midomo ya Baba ilikuwa ikicheza, anasoma dua.

Uchungu ukatulia. Mdogo wangu Zuwena alizaliwa miezi ilipotimia, mzima, mwenye kelele.

Juzi nilimuuliza Baba kama kweli aliamini mambo yale. 

“Sijui, mwanangu. Madaktari walikuwa na dawa zao, Bibi yako na tasbihi yake. Mimi nilisimama tu pale kitandani kwa mama yako, sina la kufanya. Ukuta naujua.”

Miaka yote nilidhani alirudi kule kwa kumwogopa mkwewe. Namwonea huruma sasa, kijana yule mwenye udongo mikononi, na natamani siku ile ningemsaidia kukanda.