Kiwanda Juu ya Meza ya Kitandani

Mume wangu, Cedric Ollerenshaw, hajui kutulia. Aliponioa nilidhani ni ujana, utapita. Wapi! Sasa nywele zimemwota masikioni na bado chai anainywa amesimama, kikombe mkono mmoja, mkono wa pili unatafuta kitu cha kushikashika. Lakini majira ya baridi yaliyopita alivuka mpaka. Nilishuka asubuhi kutengeneza kifungua kinywa, nikakuta ubao wangu wa kukatia mkate umelazwa mezani vipande viwili, umechorwachorwa penseli.

"Cedric! Ubao wangu!"

"Nilikuwa napima tu, Thelma."

"Unapima kwa msumeno?"

Alikuwa anampimia Norris. Norris Catlow ndiye aliyekuwa dereva wa injini ya treni ya mizigo katika kiwanda cha karatasi hapa kwetu Lumb Bottom, na Cedric alikuwa mtu wa chini, yule anayetembea kando ya mabehewa na mti mrefu wenye kulabu, anayaunga na kuyaachanisha, huku akimwonyesha dereva kwa mkono: njoo, rudi, simama. Kiwanda kilishafungwa, pale sasa wanauza mazulia, lakini wao wawili hawakuachana. Kila Alhamisi walikuwa baa, domino na matusi. Mwezi wa pili Norris akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, maneno yakamtoka, akapelekwa nyumba ya wazee kule mlimani. Huko akafunga mdomo kabisa, hata chakula hataki.

Janine, msichana wa pale anayemhudumia, hakutuzungusha. "Akiona kijiko anageukia ukutani. Daktari kampima, koo zima, anaweza kumeza. Hataki tu. Tunambembeleza na matone ya maziwa. Akiendelea hivi, Pasaka hatufiki naye."

Cedric alitoka pale. Nyumbani akaanza mwendo: jikoni, sebuleni, banda la uani, tena jikoni.

"Wamemweka dirishani kama chungu cha maua," alisema. "Mtu hana la kufanya, ale ili iweje?"

"Mpelekee domino basi."

"Domino! Nitampelekea kiwanda."

Nilicheka. Huku kwetu kila mtaa una mwanamume mwenye treni ndogo darini, na Cedric ndiye aliyekuwa anawasimanga kuliko wote. Watu wazima na midoli, aibu gani hii! Leo hii ni yeye anarudi na boksi la reli nyembamba kama tambi, injini inayoenea kiganjani na mabehewa yanayofanana na vipande vya sabuni.

Kipimo kilikuwa kimoja tu: ile meza ya magurudumu inayosukumwa juu ya kitanda cha mgonjwa. Kiwanda chote kiingie pale. Ghala la matambara ya kutengenezea karatasi, nyumba ya boila, jukwaa la kupakia karatasi, yote hayo mahali pa sinia la chakula. Akachora reli tatu zinazokutana na kuwa mkia mmoja. Reli moja inabeba mabehewa matatu, nyingine mawilimawili, na kazi ni kuyapanga kwa mfuatano unaotakiwa, hili la makaa mbele, lile la karatasi nyuma, bila kuinua kitu kwa mkono. Siri iko kwenye mkia. Lazima mkia huo ubebe injini na mabehewa mawili kwa pamoja. Ukiurefusha, mchezo unakuwa wa kitoto. Ukiufupisha, mabehewa hayapangiki hata ukae mwaka mzima.

Na wake ulikuwa mfupi. Ukaisha kwenye geti la kiwanda, ambalo alilitengeneza kwa njiti za kiberiti na kulipaka rangi ya kijani, likapendeza kweli. Injini na behewa moja, geti! Akasogeza boila, akasogeza ghala. Akang'oa reli zote na kuzilaza upya, mara ya tatu, mara ya nne. Gundi kwenye mapazia yangu, vumbi la mbao kwenye siagi. Akawa hali vizuri hata yeye, na kila siku Janine akipiga simu nilikuwa naogopa kupokea.

"Haingii!" akafoka, akatupa penseli. "Pale palikuwa hivi hivi, nimepima kwa picha. Sasa tulikuwa tunafanyaje kazi?"

Hapo hasira zikanipanda. "Wewe Cedric, umesahau? Mlikuwa mnatoka nje ya geti! Mnafungua, mnatia injini katikati ya barabara ya Mill, na wewe umesimama na kitambaa chako chekundu kama mfalme, basi letu limesimama, na mimi nachelewa kazini! Siku ya kwanza kukuona nilikutukana kupitia dirisha la basi."

Akaokota penseli. Alikuwa amekikata kiwanda kwenye geti kwa sababu geti ndilo mwisho wa kiwanda, basi. Barabara haikuwa mali yao, hakuiweka. Akanibusu kwa mdomo wenye gundi. Geti likahamishwa ndani, barabara ikalazwa ukingoni mwa ubao, na juu yake basi dogo jekundu. Dirishani mwa basi alichora uso wa mwanamke amekasirika. Mkia ukatosha, mabehewa yakapangika.

Tulikipeleka mlimani mchana wa Jumamosi, kimefungwa kwa blanketi. Norris alikuwa amekwisha, mashavu yameingia ndani. Janine akaisukuma meza juu ya kitanda, Cedric akakiweka kiwanda na kuunganisha waya. Kile kitufe cha kuzungusha, cha kuendeshea, akakiweka chini ya mkono wa kushoto, ule mzima.

Norris aliangalia. Aliangalia muda mrefu. Kidole kikagusa paa la boila.

"Haya, mzee, kazi imekungoja," Cedric akasema, akaanza kurekebisha. Mara ananyoosha behewa, mara anapangusa reli, mara anamshikisha Norris kitufe vizuri.

"Mwache bwana!" nikamwambia. "Unamvuruga. Tia mikono mfukoni ukae."

Akatia mikono mfukoni. Ajabu, alikaa.

Na hakuna kilichotokea. Norris ameshika kitufe, injini imesimama mbele ya geti. Tukangoja. Kitufe hakikuzunguka hata kidogo. Janine akanong'ona kwamba labda haelewi, wengi inakuwa hivyo. Niliona shingo ya Cedric inakuwa nyekundu, nami nikasema moyoni tumemtesa mzee wa watu bure.

"Twende zetu, Thelma," akasema kwa sauti ndogo. "Hamna mtu humu."

Ila mimi nilikuwa namwangalia Norris machoni. Hakuwa anaangalia reli. Wala uso wa Cedric hakuuangalia. Macho yalikuwa yameshuka hapa, kwenye mifuko ya suruali ya Cedric, na yalikuwa na hasira, ile hasira ya mtu anayecheleweshwa kazi.

"Cedric," nikasema, "toa mikono."

"Nini?"

"Toa mikono mfukoni! Anakungoja wewe! Lini huyu alitia gurudumu barabarani hujampa ishara?"

Cedric akasimama. Akautoa mkono wa kulia, akauinua, akauvuta polepole kuelekea kifuani: njoo.

Kitufe kikazunguka. Injini ikapita geti na mabehewa yake mawili, taratibu, ikaingia barabara ya Mill mbele ya basi langu. Mkono ukaenda juu, ikasimama hapo hapo. Wakapanga mabehewa yote, wakayapangua, wakayapanga tena, na Cedric analia waziwazi wala mkono haukukosea. Mimi nililia pia, sioni haya.

Jioni lililetwa bakuli la kastadi, ule uji mtamu wa maziwa na mayai. Janine akaomba meza, maana ndiyo hiyo hiyo ya chakula. Norris alipoona kiwanda kinaondolewa akakunja uso. Alipoona kijiko, akageukia ukutani kama kawaida yake.

"We Norris!" Cedric akaita.

Akageuza jicho. Cedric alikuwa amekichukua kijiko, amekisimamisha hewani mbali kidogo na ule mdomo. Kisha akauinua mkono wa pili, akauvuta polepole kuelekea kifuani.

Upande mmoja wa uso wa Norris ukacheka. Akafungua mdomo.